Kukwama Chanthaburi usiku wa Jumapili: kisa cha anko, spineli na basi lililojaa

Kisa chenyewe kiko hivi. Mimi na mjomba wangu, watu wa Arusha wote, tulitoka Bangkok, Thailand, Jumapili alfajiri kwenda Chanthaburi kuuza mawe, mpango ni kwenda na kurudi siku hiyohiyo, mabegi ya nguo tumeyaacha hotelini Bangkok na ndege ya kurudi nyumbani ni Jumatatu usiku. Ilipofika saa kumi na mbili jioni tumesimama stendi ya Chanthaburi, siti ya kurudi hakuna hata moja, anko hana pasipoti, simu yangu ina asilimia tisa, na ndani ya soksi ya anko kuna kamzigo ka mawe ya vito, spineli, ambako nusu yake ni mali ya mama mkubwa aliyeko Arusha. Nakiandika chote mwanzo mwisho kwa sababu watu wa mawe wanaokwenda kule wakiuliza wanauliza bei tu, rubi inaendaje, tsavo (kile kito cha kijani) inaendaje, sijawahi kuona mtu anauliza ukikwama unalala wapi na mzigo unauweka wapi.

Kwanza kwa nini Chanthaburi, maana kwa mtu asiyejua anaona ni mji mdogo tu wa mkoani. Uko kusini-mashariki ya Bangkok, kama kilomita 245, kwenye ile barabara namba 3 wanayoiita Sukhumvit, inayoanzia katikati ya jiji inapita Chonburi, Rayong, Chanthaburi mpaka Trat huko mpakani na Kambodia. Zamani walikuwa na mawe yao wenyewe, kuna kilima kinaitwa Khao Ploi Waen walichimba safaya, na rubi zilitoka upande wa Bo Rai huko Trat, ila migodi ile iliishiwa na wao wakabaki na kitu kikubwa kuliko mgodi, yaani utaalamu wa kuchoma mawe motoni ili rangi inoge, na kuyakata. Ndiyo wakaanza kuja kwetu. Wazee wa Tunduru na Songea wanaikumbuka ile miaka ya tisini katikati, Wathai na Wasri Lanka wamejaa, jiwe likitoka mtoni linapata mteja kabla halijakauka, halafu 2008 ikaja Winza kule Mpwapwa, rubi, wakaja tena. Na ile kashfa ya mwaka 2002, safaya zinachomwa pamoja na berili zinatoka na rangi ya chungwa tamu ajabu, dunia nzima ya mawe ikalia imetapeliwa, kazi ile ilifanyika Chanthaburi na baadhi ya mawe yaliyopita kwenye majiko yale ni ya Songea. Rubi za Montepuez Msumbiji nazo nyingi zinapita hapohapo. Kwa hiyo pale sokoni mtu mweusi si kioja, Waguinea wamejaa miaka mingi wanaongea Kithai kama maji, wewe ukifika na sura yako ya Arusha kila mtu anajua umeleta nini, na hilo lina faida na hasara yake, hasara nitaisema mbele.

Soko lenyewe linachangamka Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Mitaa ni miwili mitatu tu hapo Si Chan na Trok Kachang. Utaratibu wake ni kinyume na sisi tulivyozoea, yaani mnunuzi ndiye anayekaa, anakodi meza na kiti, ana mizani, taa, lenzi na kalkuleta, na muuzaji au broka ndiye anayezunguka na mzigo meza kwa meza. Unafungua karatasi, jamaa anachukua kibanio anapanga mawe kwa mistari, anayageuza kwenye taa, haongei. Halafu anaandika namba kwenye kalkuleta anakugeuzia. Ukiona ile namba inakera unacheka unafunga mzigo. Ukiona inaongeleka lakini wewe si mwenye mali peke yako, mzigo unafungwa kwa selotepu, mnunuzi anaandika bei yake juu na kusaini, na hapo huruhusiwi kuufungua kumwonyesha mtu mwingine mpaka mwenye mali aseme ndiyo au hapana. Ni utaratibu wa heshima, ukiukiuka habari zinasambaa mtaa mzima kabla hujafika kona.

Sasa ndipo kisa kinapoanzia. Saa tisa alasiri tukapata bei ya maana, mzigo ukafungwa, anko akampigia dada yake Arusha. Simu imezimwa. Saa tisa ya Thailand ni saa tano asubuhi ya Arusha, tofauti ni masaa manne, na Jumapili saa tano mama mkubwa yuko kanisani na simu kwake kanisani ni dhambi ndogo. Tukasema ibada itaisha sasa hivi. Ibada ikaisha, ila waliosali KKKT, kanisa letu la Kilutheri, wanajua baada ya ibada kuna mnada, watu wameleta kuku, mayai, mbege hapana lakini ndizi zipo, na mama mkubwa kwenye mnada hatoki mpaka kitu cha mwisho kiuzwe. Kwa hiyo spineli za Mahenge zimefungwa selotepu Chanthaburi zinasubiri mkungu wa ndizi upate mteja Arusha. Alipopiga ilikuwa saa kumi na moja na nusu kwetu.

"Dada shikamoo."

"Marahaba, mmeuza?"

Anko akamtajia bei. Kimya. Halafu akasema, "Hiyo hapana. Mwambie aongeze, hajui yale mawe yalitoka kwa shida gani?" Akakata.

Broka wetu, mama mmoja wa makamo ambaye sokoni kila mtu anamwita Pi (kwao ni kama kusema dada au kaka mkubwa) na anko akaamua kumwita dada, akampigia mnunuzi. Kumbe mnunuzi yuko barabarani tayari, ni mtu wa Bangkok anakuja Chanthaburi wikiendi tu, akasema tuongee kesho. Meza zimeshafunikwa, watu wanafagia. Sisi tukakimbia stendi kwa pikipiki, zile za madereva wenye vizibao vya rangi, na stendi ndiyo tukakuta yale niliyoyasema juu.

Kosa la hapa wengi wakisikia wanasema ni kusubiri simu, mngeondoka. Mimi sikubaliani kabisa. Soko ni siku tatu, ukiondoka na bei bila jibu umekwenda bure, na mtu anayeuza mali ya familia hawezi kuamua peke yake ili awahi basi. Shida ilikaa asubuhi. Tulipofika saa nne na kitu nilimwambia, "Anko, tukate kabisa ya kurudi," akajibu, "Anko, tutajuaje tunamaliza saa ngapi, si tutapoteza hela?" (tunaitana hivyo wote wawili, usishangae). Tiketi ilikuwa kama baht 250 kwa mtu. Na baht wakati ule ilikuwa inacheza kwenye shilingi 75 hivi, kwa hiyo tunaongelea shilingi elfu kumi na nane, elfu kumi na tisa. Hata ungeitupa, ni bei ya kununua amani. Ila kilichofanya iwe mbaya zaidi ni kalenda, ilikuwa wikiendi ndefu ya mwezi wa tano, katikati ya msimu wa durian, lile tunda lenye harufu kali, na mkoa ule ndiyo kwao durian. Watu wa Bangkok wanajazana kwenda kula matunda mashambani, wengine wanatoka kisiwa cha Koh Chang kule Trat, na wote hao jioni ya siku ya mwisho wanarudi kwa barabara hiyohiyo, kwa sababu treni ya abiria haifiki Chanthaburi na ndege ya karibu ni Trat. Mji wenye mlango mmoja wikiendi ndefu, halafu unakuja saa kumi na mbili kuuliza siti.

Dada wa dirishani akanyoosha vidole viwili. Mimi nikaelewa saa nane usiku, anko akasema hapana, huyu anasema saa mbili, na alikuwa sahihi, kumbe Wathai usiku wanahesabu kama sisi, saa moja jioni kwao ni moja, saa mbili ni mbili, inakwenda hivyo mpaka tano. Basi hilo la saa mbili nalo limejaa, akatuonyesha kwenye skrini, vikao vyote vyekundu.

Basi ndipo wakaanza kuja wale watu wa stendi, kila stendi duniani wapo. Wa kwanza ana teksi yake, Bangkok baht 4,500. Wa pili ana haisi binafsi, anasema anajaza watu anaondoka saa nne usiku, baht 500 kwa kichwa, tuko Bangkok saa nane. Anko akaipenda ya haisi papo hapo, maana ni bei nzuri na yeye ni mtu wa Arusha, kapanda haisi maisha yake yote.

Mimi niligoma na nitasema kwa nini, maana hapa ndipo kisa chote kilipogeukia. Tarehe 2 Januari 2017, siku za mwisho za likizo ya mwaka mpya, haisi ya abiria iliyotoka Chanthaburi kwenda Bangkok ilihama upande wa barabara huko Ban Bueng mkoani Chonburi ikagongana na pikapu, moto ukawaka, wakafa watu 25. Dereva alikuwa anapiga tripu mfululizo bila kupumzika vya kutosha kwa sababu ya wingi wa abiria wa likizo. Baada ya pale ndiyo serikali yao ikakaza, viti vikapunguzwa, kukawa na mpango wa kuziondoa haisi waweke mabasi madogo. Sasa wewe angalia, njia ileile, mwisho wa likizo vilevile, gari ambayo haina hata tiketi, na jamaa anayetuambia anaondoka saa nne ukimwangalia macho unaona ametoka Bangkok mchana huohuo. Sisemi angeanguka. Nasema kama unajua historia ya njia halafu bado unapanda ili kuokoa hela ya chumba, basi hesabu yako ina walakini.

Sababu ya pili ilikuwa ya anko mwenyewe. Pasipoti yake iko kwenye sefu ya hoteli Bangkok, aliiacha kwa kuogopa isipotee, mfukoni ana picha tu kwenye simu. Chanthaburi inapakana na Kambodia na polisi kusimamisha magari njiani kukagua vitambulisho ni jambo la kawaida. Mchana kwenye basi kubwa walipita wakatuangalia wakaendelea. Usiku wa manane, ndani ya haisi binafsi, mtu mweusi hana pasipoti ila ana mawe kwenye soksi... unaweza kuwa na haki zote na karatasi zote za mzigo na bado ukapoteza masaa sita kituoni ukieleza kwa lugha ambayo huna. Nilipomwambia hilo ndiyo akanyamaza. "Haya anko, tutafute pa kulala."

Hapo nayo si kwamba ukifika unalala. Thailand mwenye nyumba ya wageni anatakiwa kumripoti mgeni wa nje kwa uhamiaji ndani ya masaa 24, ni sheria yao ya uhamiaji ya 1979, kwa hiyo pasipoti wanayokuomba risepsheni hawakuombi kwa kupenda umbea. Hoteli ya kwanza karibu na mto, kijana akachukua pasipoti yangu vizuri tu, akanyoosha mkono kwa anko, anko akatoa simu, kijana akatikisa kichwa. Heshima zote, tabasamu, ila hapana. Anko akaanza kupandisha sauti nikamshika mkono, yule kijana hana kosa, faini si yake ya kulipa kwa ajili yetu.

Cha kufanya tulikifanya mlangoni pa hoteli ya pili kabla hatujaingia, na hiki ndicho ningependa mtu akichukue. Tulikaa kwenye ngazi, tukapiga simu hoteli ya Bangkok, tukaomba wafungue sefu watume picha safi ya ukurasa wenye sura, na ukurasa wenye muhuri wa kuingia, maana ile picha ya anko ilikuwa ya ukurasa wa sura peke yake na imepigwa kwa mwanga mbaya, namba hazisomeki. Walisita kidogo, sefu ya mteja hawafungui hovyo, wakataka kumwona kwa video na namba ya chumba, sawa. Zikaja. Tukaingia ndani tukiwa na pasipoti moja halisi na picha mbili zinazosomeka zikiwa tayari kwenye skrini, na mimi ndiyo nikatangulia kaunta. Mama wa pale akaangalia muhuri, akanakili namba, akaongea na mtu kwenye simu, akasema chumba kimoja, vitanda viwili, baht 650. Nadhani kilichomtuliza ni muhuri kuliko sura. Alichotaka kujua ni kama huyu mtu kaingia nchini kihalali na lini.

Ukutani kwenye lifti kulikuwa na bango, picha ya durian imekatwa na mstari mwekundu. Mji mzima unanuka durian ila chumbani marufuku.

Simu sasa. Chaja zetu ni za nyumbani, zile pini tatu nene za mraba, na soketi za Thailand zinapokea pini bapa au za mviringo, hivyo chaja yako ni pambo. Adapta ipo kwenye begi, Bangkok. Dawa yake ni 7-Eleven, nchi ile wana maduka hayo zaidi ya elfu kumi na nne, kila kona utayakuta na hayafungi. Tukanunua kichwa cha chaja, miswaki, sabuni ndogo, soksi (anko alitaka soksi mpya, za zamani ziwe za mawe), na tosti ya jibini wanayokupashia palepale kaunta. Hapo kuna mtego mwingine. Vibanda vya chakula vya mkoani wanapenda kulipwa kwa kuskani ile QR ya benki zao, sisi wageni hatuna, na keshi tuliyobeba ilikuwa ya kwenda na kurudi. ATM ukitumia kadi ya nje wakati ule walikuwa wanakukata baht 220 kila unapotoa, haijalishi umetoa elfu moja au elfu kumi, kwa hiyo ukitoa toa ya kutosha mara moja. Anko alitaka atoe mia tano kwanza tuone. Nikamwambia anko utalipa mia mbili na ishirini kwa ajili ya mia tano?

Tulikula tambi za kaa. Tambi za kule, sen chan, ndizo zenye jina Thailand nzima, nyembamba za mchele, zinavutika hazikatiki ovyo, wanazikaanga na kaa mzima mzima na pilipili na utamu kidogo, anko alisema hazina tofauti na tambi nyingine halafu akaagiza sahani ya pili.

Kuhusu mawe. Chumba hakina sefu. Pi, yule broka, alipojua tumekwama alipiga akasema kuna dila, mfanyabiashara wa mawe, rafiki yake, ana sefu kubwa dukani tuweke huko mpaka asubuhi. Ofa nzuri na naamini alikuwa na nia njema, ila tulikataa. Unapoweka mzigo uliofungwa kwenye sefu ya mtu wa tatu, selotepu ikija kuonekana imelegea, nani anajibu? Mnunuzi? Broka? Sisi? Hapo ndipo ile hasara ya kila mtu kujua umeleta nini inapoingia, soko dogo, usiku mmoja, taarifa kwamba Watanzania wawili wamelala mjini na mzigo inatembea. Kwa hiyo chumba tulichoomba ni cha juu, hatukumwambia mtu jina la hoteli hata Pi mwenyewe, na mzigo haukutoka mwilini mwa anko. Kabla ya kulala alikaa kitandani akatandika taulo jeupe kwenye mapaja, akatoa kile kipakiti, akapiga picha selotepu pande zote na ile saini, kila kona, akawasha na tochi upande ili ionekane haijaguswa, akamtumia dada yake na akamtumia Pi. Muda umeandikwa kwenye meseji. Nilimwona anko, mzee wa vijana wa migodi ya tanzanaiti Mirerani, akifanya kitu cha akili sana bila kuambiwa na mtu. Kisha soksi, kisha suruali juu, akalala na viatu karibu.

Saa tatu usiku ndiyo ilikuja simu iliyobadilisha mambo. Pi anasema mnunuzi anauliza, mmeshafika Bangkok? Anko akajibu, hapana dada, tumelala hapahapa, hatuna haraka.

Hatuna haraka! Tulikuwa tumebanwa kweli, ndege Jumatatu usiku, lakini alivyolisema lile neno ungeapa tumepanga nyumba Chanthaburi. Na mimi naamini (hii ni tathmini yangu, mtu anaweza kupinga) bei za Jumapili alasiri pale sokoni zinabanwa kwa sababu mnunuzi anajua muuzaji ana basi. Anakuona unaangalia saa. Anakuona unauliza stendi iko umbali gani. Saa nne asubuhi mazungumzo ni ya mawe, saa tisa mazungumzo ni ya basi lako. Sisi tulipopoteza basi tukawa watu ambao hawana tena saa ya kukimbizwa, na yule jamaa aliyeko nyumbani kwake Bangkok ndiye akaanza kuwaza kwamba Jumatatu tunaweza kuamka tukaikataa bei yake tukafungua selotepu. Akaongeza kidogo. Si nyingi, ila aliongeza usiku uleule kwa simu, na akasema tukutane Silom kesho mchana. Maana Bangkok nako soko la mawe liko hapo Silom na Mahesak, siku za kazi wako wazi.

Mama mkubwa akapigiwa tena, safari hii akapokea mlio wa kwanza. Swali lake halikuwa bei. "Kwa hiyo mawe yangu yamelala wapi?"

"Yamelala na mimi dada."

"Na wewe umelala wapi?"

Ikabidi aelezwe kisa chote upya, stendi, haisi, pasipoti, akasikiliza mpaka mwisho ndipo akasema bei hiyo sawa, kauzeni.

Asubuhi ya Jumatatu soko limekufa. Mitaa ileile uliyoshindwa kupita jana, leo mapaka yanalala juu ya meza. Basi tulilokatia tiketi usiku uleule kwa mtu wa risepsheni lilikuwa la saa tatu, tukapata kamuda ka kutembea kando ya mto, ile mitaa ya zamani ya Chanthaboon yenye nyumba za mbao, unavuka daraja la miguu unatokea kanisani. Kanisa kubwa la Kikatoliki, jengo la 1909, waumini wake wa asili ni Wavietnam waliokimbia mateso ya dini kwao, na ndani kuna sanamu ya Bikira Maria imevishwa maelfu kwa maelfu ya safaya. Anko alisogea nayo mpaka mlinzi akamwangalia vibaya. Alitaka kujua zimechomwa au hazijachomwa.

Barabarani polisi walisimamisha basi mara moja, wakaangalia pasipoti yangu, wakaangalia zile picha za anko, muhuri ukasomeka, wakashuka. Silom tulifika saa nane kasoro, mnunuzi akakagua selotepu kwa lenzi kabla ya kusema hata habari za leo, akafungua mwenyewe, akapima, akalipa. Bei siitaji, ni ya watu. Pi alipata kamisheni yake kwa simu.

Hesabu ya usiku ule ilikuwa hivi: chumba baht 650, chaja na vitu vya dukani kama 400, chakula karibu 300, ATM 220, jumla elfu moja na mia tano na kitu, ukigeuza ni shilingi laki moja na ishirini hivi kwa watu wawili. Teksi peke yake ingekuwa mara tatu yake, na tungefika Bangkok usiku tukiwa na bei ya zamani mfukoni. Nyongeza aliyoitoa mnunuzi ililipa hayo yote na chenji ikabaki. Lakini usinielewe kwamba nashauri mtu akwame makusudi. Ndege ingekuwa Jumatatu asubuhi hiki kisa kingekuwa kingine kabisa, na kule kwa picha za pasipoti tulipona kwa sababu hoteli ya Bangkok ilikuwa na mtu mwelewa zamu ya usiku. Ningekuwa napanga mimi, ningefika Ijumaa jioni nalala nikijua nalala, pasipoti mwilini, na Jumapili naitumia kurudi tu. Jumamosi saa tisa mama mkubwa hayuko kanisani.

Tuliporudi Arusha anko alikaa na dada yake mezani wakagawana. Chumba kiliingia kwenye gharama za mzigo bila ubishi. Chaja ikaingia pia, kwa masharti kwamba sasa ni mali ya biashara na atakuwa anaitunza yeye mama mkubwa. Tiketi ya basi ikapita. Tambi za kaa, sahani ya kwanza ikakubalika, ile ya pili akasema anko atajilipia mwenyewe.